Dogo kachiti, akaunti ni yako

"Si mimi, ni mdogo wangu." Utetezi huu wa aliyefungiwa akaunti kwa kuchiti, yaani kutumia programu za kudanganya mchezoni, haufui dafu mbele ya kampuni yoyote ya gemu, hata ukiwa kweli tupu. Seva haimwoni aliyekaa kwenye kiti. Inaona akaunti, kifaa, na anwani ya intaneti ambayo nyumba nzima mnaitumia. Mkataba ulioubonyezea "nakubali" bila kuusoma unasema yanayofanyika ndani ya akaunti yako ni juu yako. Na kampuni ikiikubali hoja hiyo mara moja, kesho yake kila mdanganyifu atakuwa na mdogo wake.

Tuanze na Steam, duka la gemu za kompyuta, maana ndiko hasara inakouma zaidi. Adhabu ya VAC, mfumo wa kunasa wanaochiti wa Valve, kampuni yenye Steam, ni ya kudumu na haijadiliwi. Wahudumu wa Steam hawawezi kuiondoa, labda mfumo wenyewe ugundulike ulikosea. Tena husambaa: akaunti zote zilizokuwa zimesajiliwa kwa namba moja ya simu wakati wa kosa hufungiwa pamoja. Ukimfungulia dogo akaunti kwa namba yako ili kurahisisha mambo, umejifunga naye kamba moja. Na adhabu mara nyingi haiji papo hapo. Inaweza kukufikia wakati mtoto ameshaifuta programu ya kuchitia na kusahau.

Njia salama ni kila mtu awe na akaunti yake (Steam inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi), kisha mziunganishe kwa mpango wa familia ulioanza 2024. Unachukua watu 6. Kila mmoja ana maendeleo yake ya mchezo, na mzazi anaweza kupanga saa za kucheza na gemu zinazoruhusiwa. Ila kuna mtego: mwanafamilia akikamatwa anachiti kwenye nakala uliyoinunua wewe, nawe unafungiwa katika gemu hiyo. Wengine hawaguswi, ni mwenye nakala tu. Mtu mzima akijitoa, hawezi kujiunga na familia nyingine mpaka utimie mwaka tangu alipoingia, kwa hiyo binamu asiingizwe kwa kuwa tu ameomba. Kwenye kompyuta ya sebuleni, usiweke tiki pale Steam inapouliza kama ikukumbuke.

Kwa simu, hatari ni likizo, wapwa wakijaa nyumbani. Kabla ya kumpa mtoto simu yako, toka kwenye akaunti yako ya gemu, aingie kwa yake. PUBG Mobile huwafungia wanaochiti hadi miaka 10. Huyo mpwa atakuwa ameshaoa.

Upande wa pesa, fungua Google Play, gusa picha yako, ingia kwenye mipangilio ya ununuzi, kisha chagua uthibitisho udaiwe kila ununuzi. Chaguo la kila dakika 30 halifai, kwani ukiweka nenosiri mara moja mtoto ana nusu saa ya kubonyeza apendavyo. Angalia pia alama za vidole zilizosajiliwa kwenye simu. Ukimkuta mtoto humo, ulinzi wote ni kazi bure. Badala ya kadi ya benki, tumia kadi pepe na uiwekee kiasi cha ununuzi ule tu.

Pesa ikishakatwa, omba marejesho Google Play ndani ya saa 48. Google hueleza kwamba aliyempa mtu akaunti au taarifa zake za malipo, au aliyeacha kuweka uthibitisho, kwa kawaida harudishiwi. Usikimbilie benki kwanza. Mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za marejesho katika kesi ya tume ya biashara ya Marekani, FTC. Moja ya madai ilikuwa kwamba waliopinga makato kupitia kampuni za kadi walifungiwa akaunti zao. Wakapoteza pamoja nazo kila walichokuwa wamekilipia humo.

Na kama dogo ameshachiti? Programu za bure za kuchitia mara nyingi hubeba vidudu vya kuiba nywila, kwa hiyo usibadilishe nenosiri kwenye kompyuta ileile, maana utakuwa unamkabidhi mwizi jipya. Chukua kifaa kingine. Badilisha la barua pepe kwanza, kisha la gemu, halafu nenda ukurasa wa usalama uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Windows ipigwe upya.

Soma adhabu imetoka wapi. Kwenye Steam, ikiwa imetolewa na watengenezaji wa gemu, kama ilivyo kwa Rust, rufaa inakwenda kwao, siyo Valve. Usiseme umedukuliwa kama hukudukuliwa, kwa kuwa kumbukumbu zitaonyesha intaneti ya nyumbani kwako. Na ukimtaja mdogo wako aliyekuwa na nenosiri lako, umekiri kosa la pili, kwani Steam hairuhusu kumpa mtu nenosiri.

Akaunti yenyewe usiitupe. Alama ya VAC itabaki kwenye wasifu wako wakaiona watu, lakini gemu zako nyingine nyingi zinaendelea kuchezeka, na hata iliyofungiwa bado unaweza kuicheza peke yako bila seva zenye ulinzi wa VAC.