Sekisheni zinajikunja mchana? Anza na joto la bloku, mashine baadaye

Mkuu umesema asubuhi bloku (kinyama cha mgonjwa ndani ya nta) zinakatika fresh, ikifika saa saba utepe wa sekisheni (vile vipande vyembamba vya kuangalia kwa hadubini) haushikani, sekisheni zinajikunja, na fundi kaja mara mbili kasema maikrotomu, mashine ya kukatia, ni nzima. Namuamini fundi. Nakata bloku hapa Dar mwaka wa tisa sasa na hiyo shida naijua, ni joto.

Nta yetu inayeyuka nyuzi 56 hadi 60 hivi lakini inalegea mapema kabla ya hapo, sasa chumba kiko nyuzi 31, kiyoyozi kimezima, nta inakuwa laini kuliko kinyama chenyewe, wembe ukipita hapo unasukuma badala ya kukata. Linganisha tu, sekisheni itakuwa fupi kuliko uso wa bloku.

Kwahiyo trimu kwanza taratibu, maikroni 15 au 20, mpaka kinyama chote kitokee (ukiwa na pupa unanyofoa vipande, slaidi inakuwa na matundu), alafu laza bloku kifudifudi juu ya barafu inayoyeyuka, yenye majimaji, dakika 5 mpaka 10. Maji ni muhimu sana hapo, kinyama kinanyonya kidogo kinalainika huku nta inakaza, vyote viwili vinakaribiana ugumu. Ndio ukate maikroni 3 au 4, zungusha gurudumu polepole mwendo mmoja, zile sekisheni mbili tatu za kwanza achana nazo.

Usiweke friza. Niliwahi kufanya hivyo siku nina haraka, nta ikapasuka katikati ya biopsi ndogo kabisa, ikabidi kuyeyusha na kupanga upya na kipande kikapungua. Kile kinyama ni cha mgonjwa anayesubiri majibu na hakuna kingine, iliniuma mno. Tangu hapo umeme ukikatika natuma mtu kwa mama wa jirani anayeuza barafu za mifuko, tunaponda, tunaweka kwenye trei na maji kidogo, kazi inaendelea.

Wembe sogeza upande mpya kabla ya biopsi, mstari mmoja unaojirudia palepale kila sekisheni ujue wembe una pengo au kuna chokaa kwenye kinyama. Ukiona mawimbimawimbi kwenye sekisheni, kaza wembe na bloku. Maji ya kutandazia sekisheni yasizidi nyuzi 45.

Ila bonyeza kinyama kwa kidole. Kikibonyea au kikinuka zailini (kemikali ya kuondoa spiriti kabla ya nta) barafu haitakusaidia, hapo hakikukaushwa vizuri kwenye spiriti au nta haikuingia, rudisha nyuma kwenye prosesa (mashine ya kupitisha vinyama kwenye kemikali na nta) na uangalie kemikali zilibadilishwa lini.

Na mkuu, funga gurudumu na ufunike wembe KILA unapogusa bloku, hata kama ni kuipangusa tu. Kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo.