Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu, Mbio na Vyuo vya Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amemaliza kidato cha sita na anakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kuna wakala anayesema kwamba vyuo vya Marekani siku hizi huwalipa wanamichezo fedha nyingi, na kwamba atamtafutia nafasi nikimtangulizia malipo sasa, kisha nimpe sehemu ya kumi ya udhamini wa masomo utakaopatikana. Je, niuze ng'ombe? (Mzazi, Kapchorwa)

JIBU: Mzee wangu, nakuomba usiuze chochote kwa sasa. Maneno ya wakala huyo yana ukweli ndani yake, ila ukweli huo haumfikii sana mkimbiaji kutoka Sebei, eneo lenu. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vya Marekani, kilishikilia kwamba mwanamichezo wa chuo ni mwanafunzi asiyelipwa. Msimamo huo ulibomolewa mahakamani. Mnamo Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya chama hicho katika kesi ya mchezaji wa zamani Shawne Alston. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo wanafunzi wakaruhusiwa kupata fedha kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Na tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano ya kesi ya muogeleaji Grant House, ambayo yaliruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26.

Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani na wa mpira wa kikapu wa wanaume, kwa kuwa michezo hiyo ndiyo inayoingiza mapato. Isitoshe, mwanafunzi wa kigeni husoma kwa viza ya F-1, inayombana hasa katika kazi za malipo, kiasi kwamba mkataba wa matangazo uliosainiwa bila ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji unaweza kumponza.

Kilicho na thamani kwa binti yako ni udhamini wenyewe, yaani ada, malazi, chakula, vitabu, kocha na shahada mkononi. Jirani yetu wa Kenya, Doris Lemngole, alipitia njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Alabama na kutwaa ubingwa wa vyuo katika mbio hizihizi za binti yako mwaka 2024 na tena 2025, mara ya pili kwa dakika 8:58.15. Hata hivyo, si kila udhamini ni kamili, kwa sababu katika riadha makocha wamezoea kuugawanya kati ya wakimbiaji kadhaa. Kwa hiyo dai barua ya chuo inayoonyesha kinacholipwa, kisicholipwa, na ni kwa miaka mingapi.

Hiyo sehemu ya kumi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kanuni za NCAA haziruhusu mtu alipwe kulingana na udhamini aliomtafutia mwanamichezo, na anayekubali mpango huo anahatarisha haki ya mwanawe kushindana. Kocha wa chuo huandikiwa barua pepe moja kwa moja, ukiambatanisha muda bora wa binti na matokeo ya mashindano yanayotambulika. Kisha binti ajisajili katika kituo cha NCAA kinachohakiki sifa za wanamichezo, akiwa na vyeti vyake vya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, vya kidato cha nne na cha sita. Tangu 2023 chama hicho hakidai tena SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuombea nafasi chuoni, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Msichelewe, kwani kwa kanuni zilizotumika msimu wa 2025/26, aliyesubiri zaidi ya mwaka mmoja baada ya sekondari huku akiendelea na mashindano rasmi angeweza kupunguziwa misimu ya kushindana chuoni. Fedha za ng'ombe, ikibidi, zitafaa wakati wa viza, kwa kuwa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na hulipwa baada ya chuo kumpa I-20, fomu inayoonyesha kwamba amepokelewa.

SWALI: Nimeanza masomo katika chuo kikuu hapa nyumbani na ninakimbia mita 800. Je, nimejifungia mlango? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Hujaufunga, mwanangu, lakini fahamu kwamba kwa kanuni zilizotumika msimu wa 2025/26, miaka mitano ambayo NCAA humruhusu mwanamichezo kushindana ndani yake huanza kuhesabiwa siku unapojiunga na chuo chochote kwa masomo ya muda wote, hata kiwe Uganda. Ukitaka kuhamia Marekani, waandikie makocha wa huko mwaka huu. Ukiamua kubaki, kumbuka kwamba Mganda mwenzetu Halimah Nakaayi, aliyesoma Chuo Kikuu cha Ndejje, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Doha mwaka 2019 kwa dakika 1:58.04, na mkimbiaji wetu wa mbio ndefu Joshua Cheptegei naye alipata kusoma Chuo Kikuu cha Bugema. Kabla ya kuamua, muulize mkuu wa michezo wa chuo chako kama kuna kocha wa riadha wa kudumu na kama ratiba ya mitihani huahirishwa kwa wanaoitwa timu ya taifa.