Kiinua mgongo changu na kisiwa cha volkano

SWALI: Mama Nesi, salamu kutoka Bombo. Nimestaafu jeshini, kiinua mgongo kimeingia, na sasa kila wiki kuna anayepiga simu kuomba ada. Mjukuu amenionyesha kwenye simu yake kisiwa cha Tristan da Cunha, kusini mwa Bahari ya Atlantiki: mlima wa volkano, ng'ombe, kijiji kimoja, watu hawafiki 300. Nimepapenda. Afya yangu nzuri, ila presha. Nataka kuuza kiwanja nikazeekee huko. Nianzie wapi?

JIBU: Mzee wangu, anza kwa kutouza kiwanja. Kama umeshakiuza, niandikie upya, hilo litakuwa swali jingine.

Huko hakuna wa kukuuzia ardhi. Yote ni ya wanakijiji kwa pamoja, na mgeni haruhusiwi kununua wala kuhamia. Hata kutembea tu, unaomba ruhusa kwa baraza la kisiwa. Uwanja wa ndege hakuna. Unapanda meli Cape Town, karibu kilomita 2,800, wiki nzima baharini. Mkifika bahari ikiwa imechafuka, mnabaki melini mnakitazama kijiji kwa macho.

Hiyo presha umeitaja kama kitu kidogo. Mimi nilifanya kazi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, miaka sita. Usiku mmoja mama aliyejifungua alianza kutokwa damu, ziwa limechafuka, mwenye boti akagoma kuwasha injini. Nilikaa na taa ya chemli, mkono mmoja ukilikanda tumbo lake, mwingine kwenye mshipa, nahesabu mapigo mpaka kulipokucha. Alipona. Na ng'ambo ya pili Entebbe ilikuwa saa chache tu. Tristan wana kituo cha afya kizuri, lakini ugonjwa mkubwa hupelekwa Cape Town, na nimeshakwambia Cape Town iko wapi.

Kisa chao lakini nakipenda. Mwaka 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji, watu wote 264 wakapelekwa Uingereza. Huko walipata kazi, umeme, maduka. Mwaka uliofuata wakapiga kura: 148 turudi, 5 tubaki. Wengi wakarudi 1963 kwenye viazi vyao. Walikuwa wanarudi kwao, mzee. Wewe ungekuwa unakwenda kwa watu.

Ukishikilia kisiwa, kipo Pitcairn katika Pasifiki, nacho cha volkano. Wakazi hawafiki 50, na wao hupokea maombi ya wahamiaji. Lakini sikuoni ukizikwa huko.

Ningekuwa wewe ningepanda basi la Kisoro, hapahapa Uganda. Muhabura ni volkano ya mita 4,127, viazi vimejaa, baridi ipo, na hospitali unafika kwa bodaboda. Panga chumba miezi mitatu kabla ya kuamua lolote.

Ama wanaoomba ada, hata Tristan simu zipo.