Kabla ya Kutuma Maombi ya Kazi, Mtengenezee Mtu Mmoja Programu

Vijana wanaotaka kuwa wahandisi wa programu huniuliza waanze na lugha gani ya kuandikia programu, Python au JavaScript. Huwa nawajibu: yoyote kati ya hizo, ilimradi usiihame kwa mwaka mzima. Kisha nami nawauliza: utamtengenezea nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi nilipoteza karibu miaka miwili. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina vyeti vinne vya kozi za mtandaoni, video nimetazama mpaka bando zinaisha. Siku ya usaili wangu wa kwanza, hapa Dar es Salaam, nikaulizwa: "Kuna mtu yeyote anayetumia kitu ulichotengeneza?" Hakuwepo hata mmoja. Kikokotoo nilichokuwa nacho nilikinakili kutoka kwenye video, na waliponiuliza mstari fulani unafanya kazi gani, nilinyamaza.

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Tabata: saruji, nondo, misumari, rangi. Mafundi wanakopa, wakilipwa nao wanalipa. Madeni yote yalikuwa kwenye kaunta buku. Nikamwomba nimtengenezee programu ya madeni. Akakubali, ila akasema daftari haliondoki mezani, na alikuwa sahihi. Mtu akikuamini na pesa zake, mwache aendelee na njia yake ya zamani hadi ajiridhishe mwenyewe.

Niliandika kwa Python, data nikaziweka kwenye SQLite, kanzidata (mfumo wa kuhifadhi data kwa mpangilio) ambayo ni ya bure, haihitaji seva na kila kitu kinakaa kwenye faili moja. Wiki ya tatu shangazi akaniita. Fundi mmoja wa vigae alikuwa anadaiwa shilingi 186,000 daftarini, lakini kwenye kompyuta deni lilikuwa 86,000.

"Mwanangu, daftari langu linajua huyu ni mtu mmoja. Hii mashine yako inajua ni watatu."

Kweli walikuwa watatu. Mteja nilimtambulisha kwa namba yake ya simu, na kijana wa kaunta alikuwa ameiandika mara ya kwanza ikianza na 07, mara ya pili na +255, mara ya tatu akaacha nafasi katikati ya tarakimu. Mimi na wewe tukiziona tunajua ni namba ileile. Kompyuta ilifungua wateja watatu, deni likagawanyika. Dawa yake: kabla ya kuhifadhi, ondoa kila kisicho tarakimu, chukua tisa za mwisho, tanguliza 255. Halafu iagize kanzidata yenyewe ikatae namba inayojirudia, maana iko siku utaongeza ukurasa mwingine wa kusajili wateja na utasahau kusafisha namba. Kabla ya kuwaunganisha wale watatu nilinakili faili zima kwenye flashi. Yale ni madeni ya watu, si mazoezi ya darasani.

Unaweza kuiuliza akili mnemba namna ya kupanga namba za simu, nayo itakujibu vizuri. Mimi naitumia kila siku kazini. Lakini swali lenyewe nililiokota pale kaunta, na bila kukaa pale nisingejua kwamba lipo. Sharti nililojiwekea ni moja: mstari nisioweza kumweleza mwenzangu hauingii kwenye programu yangu.

Umeme nao ulinifundisha. Ulikatika wakati kijana anaingiza mauzo ya mkopo. Ndani ya programu, mifuko ya saruji ikapungua kwenye hesabu ya stoo, lakini deni halikuandikwa. Hapo ndipo nilipoelewa muamala wa kanzidata ni nini: hatua zote mbili zifanyike pamoja, au isifanyike hata moja. Chuoni nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote.

Jifunze pia kusoma ujumbe wa kosa. Wengi wakiona maandishi mekundu wanakimbilia kunakili na kutafuta msaada. Kwenye Python anza na mstari wa mwisho kabisa, ndio unaotaja kosa. Kisha panda juu taratibu mpaka ukutane na jina la faili uliloandika wewe. Mara nyingi tatizo linaanzia hapo. Kiingereza chako kikiwa kinasuasua, jumbe hizi ni mahali pazuri pa kukinoa, kwa sababu maneno yake ni machache na yanajirudia.

Na Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko la programu yako, usiiahirishe. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, na leo ni vigumu kupata timu ya programu isiyoitumia. Kila unapohifadhi hatua, andika kwa sentensi moja kwa nini umebadilisha. "Nimerekebisha" haimsaidii mtu.

Usaili uliofuata, waliokuwa wananisaili walifungua historia ya Git ya programu ya shangazi mbele yangu. Wakasimama kwenye sentensi moja: "Namba za simu zihifadhiwe kwa mtindo mmoja, mteja mmoja ametokea mara tatu." Wakaniuliza ilikuwaje. Nikawasimulia habari za fundi wa vigae, kijana wa kaunta na lile faili kwenye flashi, na muda wetu ukaishia hapo. Wiki mbili baadaye nilianza kazi. Daftari la shangazi bado liko mezani, na kila Jumamosi jioni analinganisha.