Waiteni wazazi kwa mema pia
Mwalimu, umeuliza mfanyeje ili wazazi waje shuleni, maana kikao kilichopita walifika wachache sana. Kwanza angalieni mnawaita kwa lipi. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, wengi huku Tanzania wakiona barua ya shule wanajua ni mchango wa chakula au mtoto kakosea. Nani atakimbilia hapo?

Shuleni kwa mwanangu, mwalimu wa darasa la pili alianza kutuita asubuhi, nusu saa tu, tukae kwenye dawati mtoto atusomee ukurasa mmoja. Mama mmoja muuza samaki alikuja na ndoo yake, akaiacha mlangoni. Mwanawe aliposoma "kuku wa bibi ametaga" bila kukwama, machozi yalimtoka. Yeye hajui kusoma, na siku zote aliogopa kuja asije akapewa karatasi ajaze. Sasa hakosi.

Siku ya gulio na msimu wa palizi msiitishe kikao. Na mkichangisha, bandikeni matumizi ukutani, gunia la mahindi limenunuliwa shilingi ngapi. Kwetu hilo ndilo lililowarudisha akina baba.