Safisi grainda ya mtumba nyumbani: meza ya sumaku isagwe mwisho

Safisi grainda ni mashine ya kusawazisha chuma: jiwe linazunguka juu, na meza ya sumaku inakishika kipande chini yake. Meza ya sumaku ya mashine yangu imepungua karibu 0.1 mm. Karibu nusu ya hiyo niliiondoa bure, juma lile lile nililoileta mashine nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na chuma kikishasagwa hakirudi. Nimekuwa nikipigiwa simu na mafundi waliopata safisi grainda za mtumba, na swali huwa moja: meza inasagwaje? Nawajibu kwamba hiyo ni kazi ya mwisho, na kabla yake kuna kazi nyingi.

Yangu ni Jones & Shipman, mashine ya Leicester, Uingereza, yenye meza ya inchi 18 kwa 6. Niliinunua kwenye karakana iliyokuwa ikifungwa, pembeni ya Barabara ya Nyerere. Nilitaka kunoa visu vya randa vya maseremala wa Keko na kusawazisha vyuma vya dai, yaani kalibu za kukatia au kufinyanga chuma.

Siku ya kununua, achana na rangi, angalia reli ambazo meza hutelezea juu yake. Meza hufanya safari nyingi zaidi katikati, kwa hiyo katikati ndiko reli huliwa. Zile alama za kukwangua za kiwandani zikionekana bado kwenye ncha lakini katikati pamelainika kama kioo, jua mashine imefanya kazi sana, na bei ishuke. Kisha shika shafti ya jiwe, uivute na kuisukuma, isicheze kabisa. Omba iwashwe nusu saa, halafu weka kiganja kwenye beringi. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, ondoka.

Kwenye kuhamisha nitasema machache. Meza ishushwe isafiri peke yake ndani ya blanketi, na mashine isinyanyuliwe hata kidogo kwa kichwa cha jiwe. Sisi tulitumia chenibloku, Canter moja, na vipande vya bomba vya kuivingirishia hadi ndani ya banda.

Kosa langu lilikuwa sakafuni. Udongo wa kwetu ni mchanga, na zege nilikuwa nimelimwaga siku tano tu kabla. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, nami nililijua hilo, lakini mashine ilikuwa imeshafika na hamu ilikuwa kubwa. Nikaisimamisha kwa pima maji ya waashi, nikasaga kipande cha kwanza, kikatoka na mteremko wa 0.04 mm kutoka kona hadi kona. Nikaamini meza ndiyo mbovu. Nikaisaga mpaka mteremko ukaisha. Juma la pili ukarudi, safari hii umegeukia upande mwingine.

Nikamwita mzee mmoja aliyestaafu ufundi mitambo. Aliizunguka mashine mara mbili bila kuigusa.

"Mwanangu, hii umeipima na nini?"

"Na pima maji, mzee."

"Ya kujengea?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hujaipima."

Akaleta ya kwake, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Ni pima maji ya mitambo: mstari mmoja wa kiputo ni 0.02 mm kwa kila mita. Alipoiweka juu ya mashine, kiputo kilikimbilia mwisho wa kioo chake. Sakafu ilikuwa imekaa chini upande mmoja, na mwili wa mashine ulikuwa umejipinda kuifuata. Tuliiinua, tukasubiri mwezi mzima, tukaiweka upya juu ya nukta tatu. Chuma kikisimama juu ya nukta tatu, sakafu ikishuka kidogo kitainama tu, hakitapindwa kama kikisimama juu ya nne.

Umeme nao una mambo yake. Nyumba nyingi za Dar zina njia moja, 230 V, na mashine hizi zinataka njia tatu. Nilifunga inveta inayoingiza njia moja na kutoa tatu. Lakini ile ndogo ya kawaida hutoa 230 V, si 400, kwa hiyo mota lazima iunganishwe delta, yaani koili zake tatu zifungwe kwa umbo la pembetatu. Soma kibati cha mota kwanza. Mota nyingi za zamani za Uingereza zimefungwa sta ndani kwa ndani, yaani ncha za koili zote tatu zimekutanishwa kwenye kiungo kimoja, zina nyaya tatu tu zinazotoka nje. Hapo fundi wa kusuka mota anatakiwa aifungue, akitafute kiungo cha sta na kutoa nyaya zote sita. Ikishawaka, hakikisha inazunguka kufuata mshale kabla ya kufunga jiwe. Ikizunguka kinyume, nati inaweza kujifungua.

Na hili naliomba kwa moyo wote: kama meza ya sumaku ni ya umeme, umeme ukikatika sumaku inaachia huku jiwe bado linazunguka. Kipande kinaruka kama risasi. Kwa jinsi umeme unavyokatika mjini kwetu, mimi nilichagua meza ya sumaku ya kudumu, ile ya kugeuza kwa mkono. Hiyo haijali TANESCO wala LUKU iliyoisha.

Jiwe lisiwe la grainda ya kawaida ya mezani. Tafuta jeupe, punje 46, ugumu wa herufi H hadi K. Litundike kidoleni, uligonge taratibu kwa mpini wa mbao: zima hulia kama kengele, lenye ufa husema "pwa". Lenye ufa livunje kabisa asije mwingine akalifunga. Soma mizunguko iliyoandikwa juu yake. Mota yako isiizidi. Ukishalifunga na karatasi zake pande zote mbili na kurudisha kava, simama pembeni, liache lizunguke dakika moja. Kisha lichonge kwa almasi, 0.02 mm kwa kila pito.

Meza sasa. Acha mashine ipate moto nusu saa, washa sumaku kama utakavyokuwa ukifanya kazi, mwaga maji ya kupozea, paka wino wa kalamu nzito juu yote, halafu shusha jiwe 0.005 mm kwa pito. Wino ukifutika kote, simama hapo hapo.

Nilipomaliza mara ya pili niliweka vipande vitano, vinne kwenye kona na kimoja katikati, nikavisaga pamoja na kuvipima kimoja kimoja kwa maikromita. Kinene na chembamba vilitofautiana 0.004 mm. Mzee alivipanga juu ya kiganja chake, akanirudishia, akaagiza nipake mafuta kwenye meza kabla hewa ya chumvi haijafika usiku.