Murabaha ya mashine ya boti: benki ya Dar au ya Kenya?

Kaka, umeuliza kama Amana Bank ya Dar, unakoweka akiba, yaweza kukufadhili mashine ya boti hapa Lamu kwa murabaha (benki hununua kitu, kisha hukuuzia kwa faida), maana sote ni Afrika Mashariki. Jumuiya ni moja, leseni si moja. Amana iko chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Kufanya biashara ya benki huku kwahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Na kila nchi imeingia kwenye benki za Kiislamu kivyake: Kenya ilipenyeza vifungu kwenye sheria iliyopo, benki ya Gulf African ikafungua milango 2008; Amana ikaanza 2011; Uganda ilibadili sheria 2016, na Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza 2023. Sheria moja ya kuzifunga zote haipo.

Kwa hiyo tafuta benki ya Kiislamu yenye leseni ya Kenya. Ila sikiza hili, ndipo wengi huharibu: usinunue mashine kwanza halafu upeleke risiti. Peleka profoma ya muuzaji, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua. Benki ndiyo inunue, iimiliki, kisha ikuuzie kwa bei yenye faida mliyoafikiana, ulipe kidogokidogo. Ukishainunua mwenyewe, watakuuzia nini tena? Wakikupa pesa mkononi, huo ni mkopo tu uliovishwa kanzu.

Uliza pia faini ya kuchelewa inaenda wapi. Kawaida hutolewa sadaka, haihesabiwi faida ya benki. Msimu wa kusi boti zikilala, utalihitaji jibu hilo.